Mteja wa dagaa hasubiri mtandao urudi

Juzi dada mmoja anayeuza mawese Mwandiga, huku kwetu Kigoma, kaniandikia kuhusu programu za kutumiana ujumbe na wateja: "Dada, nitumie WhatsApp, Telegram au hiyo Signal? Nataka isiyosumbua." Najibu hapa hapa, maana najua wote mnaonisoma mnataka biashara ikue, hamkununua simu kwa ajili ya soga.

Mimi nauza dagaa Kibirizi. Mteja wa Dar hatumi hela kwa maneno matupu. Anataka picha ya dagaa waliokauka vizuri, na kiroba kikiwa juu ya mizani, namba zinasomeka. Sasa Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, kabla ya saa moja jioni, WhatsApp ikakata. Facebook na Instagram nazo chali, dunia nzima, kwa muda wa karibu saa sita. Gari linapakia, dereva anapiga honi, wenzangu wanazima simu na kuwasha, wengine wanakimbilia kununua bando. Bando la nini? Hitilafu ilikuwa kwenye mitambo ya kampuni yenyewe inayoziendesha zote tatu.

Namba za wateja nilikuwa nazo kwenye kaunta buku, ile ile ambayo jirani yangu wa meza alikuwa akiicheka mbele za watu, eti ushamba. Nikatuma meseji za kawaida: kilo kadhaa, bei hii, fungua Telegram. Picha zikapita huko, mzigo ukaondoka usiku uleule. Wa jirani ulilala. Mpaka leo hajaniomba radhi kwa yale maneno, na mimi sijayasahau.

Basi mdogo wangu, anza na WhatsApp kwa sababu moja tu: wateja wako wako huko. Telegram iwe ya akiba. Simu ikiibiwa, ukishaingia kwa namba yako unayakuta mazungumzo ya kawaida yote, kwa kuwa yanatunzwa kwenye mitambo yao. Kwa sababu hiyo hiyo siri siweki humo, labda ufungue yale mazungumzo yao ya siri. WhatsApp yenyewe inaufunga ujumbe kwa msimbo tangu 2016, asiusome mwingine njiani. Signal kwa usiri iko vizuri sana, na wanaoiendesha hawatafuti faida, ila mteja wangu ukimtajia anadhani ni dawa ya meno.

Na jamani, tuache uvivu! Programu hizi zote zinasimama juu ya namba ya simu. Mtu anafanya biashara kwa laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole za shemeji yake. Siku wakikosana, wateja wote wanabaki kwa shemeji. Sajili yako. Namba za wateja andika kwenye daftari, ndiyo, kwa kalamu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita, na usiweke tarehe yako ya kuzaliwa. Akikupigia mtu kuomba zile namba sita za kuthibitisha WhatsApp zilizoingia kwa meseji, hata akijitambulisha kuwa ni mtoa huduma, kata simu.