Barua kwa mwanangu: faida ya korosho iko kwenye ganda

Mwanangu,

Wa aleykum salaam. Barua yako imefika, na sisi wote hapa Mikindani hatujambo. Unasema wewe na wenzako mnataka kufungua kiwanda cha kubangua korosho Masasi, na mnunuzi wa Ulaya amewatumia fomu ndefu ya maswali: mnatoa hewa ukaa kiasi gani, kuni mnazitoa wapi, maji machafu mnayapeleka wapi. Mwenzenu mmoja anasema hayo ni mambo ya matajiri, tupate faida kwanza, mazingira baadaye. Nawe ukaniuliza: "Baba, wewe umekaa na boila miaka yote hiyo. Kiwanda kinaweza kuwa kisafi bila kufilisika?"

Kinaweza. Ila huyo mwenzenu msimcheke, kuna mahali anasema kweli, na nitafika huko.

Tuanze na ganda. Mkinunua tani 1,000 za korosho ghafi, karibu tani 700 ni maganda. Punje safi ya kuuza ni robo hivi, au pungufu kidogo. Kinachobaki ni ngozi nyembamba na unyevu. Sasa tazama safari yake. Sehemu kubwa ya korosho za kusini hupakiwa melini zikiwa ghafi, zikapelekwa India na Vietnam, zikabanguliwa huko, kisha punje zikapanda meli nyingine kwenda Ulaya na Marekani. Katika kila tani nne zinazovuka bahari, kama tatu si chakula. Mafuta ya meli yanateketea kubeba ganda ambalo mlaji hataliona, na ganda lenyewe, ambalo ni mali, linabaki kwa mbanguaji wa ng'ambo. Kwa hiyo kubangua Masasi na kupakia bandari ya Mtwara ni kazi ya mazingira hata kabla hamjanunua taa moja ya sola. Fomu ya mnunuzi ianzeni hapo. Msiende Dar es Salaam na malori kama meli inapatikana hapa. Ni zaidi ya kilomita 500 za dizeli mnayoilipia ninyi.

Ganda hilohilo ndilo kuni zenu. Nilishangaa kusoma kwenye mchanganuo wenu wa biashara fungu la kununua kuni. Za nini? Ganda la korosho linawaka kwa nguvu kuliko kuni nyingi, na kiwanda kinacholegeza ganda kwa mvuke kabla ya kubangua huwa nalo zaidi ya mahitaji ya boila yake. Kukata miti ya Masasi na Nachingwea ili kuchemsha korosho, huku nyuma ya kiwanda kuna mlima wa maganda, ni hasara mara mbili.

Tatizo ni moshi. Ganda lina mafuta makali, takriban robo ya uzito wake, yale yanayochubua mikono ya kina mama wanaobangua. Ukilitupa tanurini hivyohivyo linatoa moshi mweusi unaowasha macho, bomba la moshi linajaa masizi ya kunata, na majirani wanakuja na mtendaji wa kata. Halafu elewa kitu kimoja ambacho wenye viwanda wengi hawakitaki kukisikia: moshi mweusi ni kuni ambazo hazijaungua. Unaona fedha yako ikipaa.

Kwa hiyo kamueni kwanza. Mashine ya kukamua maganda ni ya kawaida, inafanana na ya kukamulia alizeti ila iwe imara zaidi. Mafuta yale yana soko: hutengenezewa rangi, vanishi, gundi za viwandani na vitambaa vya breki za magari, na hushika nafasi ya kemikali ambazo vinginevyo hutokana na petroli. Mashudu yanayobaki yanawaka kwa usafi zaidi kuliko ganda bichi, na ya ziada mnaweza kuyauza kwa wachoma chokaa au kuyagandamiza yawe mkaa wa vibonge. Jirani akiomba maganda mabichi ya kupikia nyumbani, msimpe. Ule moshi si wa jikoni.

Bei ya mafuta hayo hupanda na kushuka, hivyo msiiweke kama nguzo ya mkopo. Hesabu zenu zisimame kwa punje peke yake. Mafuta yawe nyongeza.

Sasa boila, na hapa utanivumilia maana ndipo nilipozeekea. Mkinunua boila, muuzaji atawaonyesha rangi na saa za kupimia shinikizo. Ninyi muulizeni maji yanarudije. Mvuke ukimaliza kazi hugeuka maji ya moto, na viwanda vingi vidogo huyamwaga mtaroni. Maji hayo ni safi, yamekwishalipiwa, na yana joto. Kila nyuzi 6 za joto mnazoongeza kwenye maji yanayoingia boila huokoa kama asilimia 1 ya kuni. Mkiyarudisha yakaingia na nyuzi 80 na kitu badala ya 28 za bombani, mmeokoa karibu sehemu moja ya kumi ya kuni kwa tangi moja na bomba lake. Funikeni mabomba kwa sufi ya kioo, kazi ya fundi mmoja wiki moja. Valvu inayovuja mvuke usiku kucha haipigi kelele ya kutosha kumwamsha mhasibu, lakini inamla.

Mtasema mna maganda ya bure, kuni za nini kuokoa. Kwanza, mashudu mnayaweza kuuza. Pili, mvuke usiotulia unaharibu korosho. Ukizidi, punje inabadilika rangi. Ukipungua, ganda halilegei na punje inakatwa na kisu cha kubangulia. Punje nzima, zile za daraja la W320 na W240, na punje vipande ni bei mbili tofauti kabisa. Sijui faida gani nyingine kiwandani inayopatikana kwa kukaza valvu tu.

Mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni daftari langoni: kilo ngapi zimeingia, punje kilo ngapi, vipande kilo ngapi, maganda, maji, uniti za umeme, lita za dizeli. Kila siku. Yule mnunuzi anataka hesabu hizohizo, kwa kuwa makampuni makubwa ya Ulaya sasa yanahesabu hewa ukaa ya wale wanaowauzia pia, si ya ofisi zao peke yake. Hana haja ya mtaalamu wa kuandika kurasa 60. Ana haja ya daftari lenu.

Nije kwenye ghala, maana hapo ndipo wabanguaji wengi wa kwetu walipozama, na hapakuwa na moshi wowote. Korosho hununuliwa mnadani kwa miezi michache, kuanzia Oktoba, lakini kiwanda kinatakiwa kibangue mwaka mzima. Maana yake ni mkopo mkubwa wa benki unaolala ghalani ukizaa riba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara mwaka 2007, angalau unajua mzigo unaonunua uko kwenye ghala gani na una daraja gani. Lakini pimeni unyevu wenyewe. Korosho iliyozidi asilimia 10 inaoza ndani ya gunia, na korosho iliyooza imekwishakula salfa ya mkulima (dawa ya mikorosho), gunia, lori na riba yako. Hakuna uchafuzi mbaya kama kuzalisha kitu kwa gharama zote hizo kisha kukitupa. Wekeni mbao chini ya magunia, acheni hewa ipite, na pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, waelezeni wakulima kwamba mtawatambua wanaoanika vizuri. Sisemi mnunue kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, nisieleweke vibaya.

Ukubwa nao uangalieni. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya korosho kwa mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, iliyokuwa inakaanga korosho ndani ya mafuta yake yenyewe ya moto. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika hata 20,000: watu walikuwa wamehamishwa mashamba yao kwa vijiji vya ujamaa, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeingia mikoroshoni. Mitambo ikakaa na njaa hadi ikafungwa. Boila kubwa inayofanya kazi robo siku inachoma sana kwa kila kilo inayotoa. Kiwanda kidogo kinachoshiba ni kisafi kuliko kikubwa chenye njaa.

Sasa nimtendee haki mwenzenu. Yako mambo ya mazingira ambayo hayalipi, na anayewaambia yote yanalipa anauza kitu. Shimo la kutibu maji machafu halitawapa shilingi. Lijengeni hivyohivyo, kwa sababu maji yenye mafuta ya ganda yakifika kisimani mwa watu hakuna faida ya kuwatazama nayo usoni. Glavu za wabanguaji nazo ni gharama, ziandikeni kama gharama, msizitafutie hadithi.

Na bibo, tunda la mkorosho. Najua mmeliandika kwa mbwembwe: juisi, mvinyo, jamu. Ni kweli bibo lina uzito mara 5 hadi 9 ya korosho yake, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mengi yanaoza chini ya mkorosho. Lakini halikai hata siku mbili. Kulisafirisha toka Newala hadi Masasi ni kusafirisha siki. Kazi hiyo ni ya shambani, na wenyeji wanaijua: wanalikausha kuwa kochoko, wanakamua, na wengine wanakunywa uraka, pombe yake, ambao mimi siuzungumzii. Mwaka wa kwanza liacheni.

Sola fungeni ya ofisi, taa na mashine ndogo, kama benki itawapa riba nafuu. Boila haiendeshwi kwa sola. Umeme wetu wa huku kwa miaka umekuwa wa gesi ya Mnazi Bay, hivyo si msafi kabisa wala si mchafu kama wa dizeli; jenereta yenu ndiyo ya kuogopa. Oveni ya kukaushia punje iunganisheni na mvuke uleule, msiinunue ya umeme.

Kuhusu vyeti, msilipie hata kimoja mpaka mnunuzi aandike ataongeza bei kiasi gani. Ile sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 ya kuzuia ukataji misitu inagusa kahawa, kakao, mbao, mpira, soya, mawese na ng'ombe. Korosho haimo. Ushuru wao wa hewa ukaa mpakani nao unahusu saruji, chuma, mbolea na vitu vya namna hiyo. Mtu akiwatisha kwa sheria hizo ili mnunue cheti chake, muulizeni kifungu gani.

Nitumie mchoro wa boila mliyopewa bei, pamoja na jina la chuma cha mabomba yake ya ndani, kabla hamjalipa malipo ya awali. Na huyo fundi wenu wa Masasi mwambie anipigie baada ya sala ya alasiri, nataka kumuuliza tangi la maji ya kurudi amelipanga wapi, maana kwenye mchanganuo sijaliona.

Baba yako