Jimny ya safari: tairi kwanza, springi baadaye

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama Suzuki Jimny yako, ya umbo lile lililoanza mwaka 2018, iinuliwe springi kabla ya kuipeleka kwenye mawe ya Micheweni, kule Pemba, na baadaye safari ndefu ya bara. Kwa maoni yangu, springi zisubiri. Springi ndefu huinua bodi na chasisi, lakini difu (lile bonge la gia chini ya gari linalogonga mawe kwanza) hubaki pale pale kwa sababu imo ndani ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na ekseli haipandi ila kwa tairi kubwa zaidi. Hata hapo usitarajie makubwa: ukitoka tairi ya ukubwa wa 195/80R15 kwenda ya 215/75R15, difu inapanda kama milimita 5 tu.

Faida hasa ni kupata tairi yenye ubavu mgumu, kwani mawe yetu ya matumbawe huchana ubavu upesi. Ndiyo maana sipendi upepo upunguzwe hadi psi 15 kama wafanyavyo watu wa mchangani. Ubavu hufutuka nje na kujipeleka wenyewe kwenye ncha. Psi 22 hivi yatosha, ukitumia gia nzito na mwendo wa kutambaa.

Baada ya hapo funga bamba la chuma chini ya tangi na giaboksi. Mizigo mizito ikae chini, si kwenye keria, kisha ipimwe, na springi zichaguliwe kwa uzito huo. Na kila utokapo pwani, osha chasisi kwa maji yasiyo na chumvi, hata ndani ya matundu yake, maana chumvi hujificha humo.