Kwa nini mwezi wa tatu sikutuma hela ya bati

Mdogo wangu, ile sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini mwezi wa tatu sikutuma hela ya bati za mama wakati niliahidi. La pili, umesikia kwa shemeji kwamba nilikamatwa na trafiki hadi nikafika mahakamani, na hapo mtaani wanasema Marekani ukishaandikiwa ni kulipa tu, hakuna kujitetea. Ukamalizia: kama ndivyo, kwa nini sikumalizana na askari pale pale?

Nakujibu mbele ya wote, maana najua wenye swali hilo ni wengi. Nilikamatwa kweli, na kosa ni langu. Ila kujitetea kupo, na nilijitetea mara mbili.

Unaijua njia ya mwendokasi pale Morogoro Road, ambayo gari binafsi likiingia ni kosa hata kama iko tupu na wengine mmekwama kwenye foleni. Huku California kuna kitu cha jamii hiyo, ila hakijatengwa kwa mabasi. Ni leni ya kushoto kabisa, chini imechorwa almasi nyeupe, na saa za foleni haipiti gari lenye dereva peke yake. Tunaiita leni ya kapuli. Nia yake ni watu wapande pamoja ili magari yapungue barabarani. Mtoto mchanga anahesabika kuwa mtu, na pikipiki inapita. Huku kaskazini saa za foleni zikiisha leni inarudi kuwa ya kila mtu. Kule kusini, upande wa Los Angeles, nyingi ni za saa 24.

Mimi nilinaswa na idadi ya watu. Nilipokuwa Sacramento nilizoea kwamba mkiwa wawili mnaruhusiwa, na barabara yenyewe ni I-80. Nikahamia Vallejo, kazi ikawa Berkeley, barabara ni ileile I-80. Lakini kuanzia daraja la Carquinez hadi Bay Bridge, daraja la kuingilia San Francisco, hawataki wawili, wanataka watatu. Asubuhi ni kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4, na jioni kuanzia saa 9 hadi saa 1. Nilikuwa na wiki mbili tu pale. Sikulijua hilo.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa kwanza, saa 12 na dakika 40 asubuhi, bado kuna kiza. Pembeni yangu alikaa mwenzangu wa Kisumu tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mbele yetu taa nyekundu za breki zimejaa hadi mwisho wa macho, na kushoto leni ni tupu. Nikamwambia, sisi si wawili? Twende. Tukaenda kama dakika tano hivi, ndipo nikaona taa za pikipiki kwenye kioo. Askari alikuja dirisha la upande wa abiria, akainama, akauliza mko wangapi. Nikajibu wawili, tena kwa sauti ya uhakika, nikidhani akishahesabu ataniachia. Hakubisha. Alinyoosha kidole kuelekea kibao kilichokuwa mbele yetu na kusema, watatu.

Sasa hilo la kumalizana naye pale pale, liondoe kichwani kabisa, na mwambie kila anayejiandaa kuja huku. Hapa hakuna ya soda. Ukimpa askari hela umetoka kwenye kosa la barabarani umeingia kwenye jinai, na kwa mtu wa makaratasi ya uhamiaji kama mimi hiyo ni kukata tawi nililokalia. Askari alikuwa mstaarabu. Aliniambia nisaini, na kwamba sahihi ile si kukiri kosa, ni ahadi tu kwamba nitajibu mahakamani. Nikasaini. Mikono ilikuwa inatetemeka, na mwenzangu alikuwa ameacha kunywa chai.

Kiasi chenyewe nilikijua barua ilipokuja: dola 490. Najua kwenu trafiki anakuandikia 30,000 na inauma. Hii ni zaidi ya milioni moja ya kwetu. Nalipwa dola 20 kwa saa kabla ya kodi, kwa hiyo hesabu mwenyewe: zaidi ya saa 24 za kunyanyua wazee, kuwaogesha na kuwabadilisha nguo. Nilikaa kitandani na ile barua nikiitafuta hesabu yake. Faini ya msingi ya kosa hili ni dola 100 tu. Juu yake inapandishwa tozo ya jimbo, tozo ya kaunti, ya ujenzi wa mahakama, ya upimaji wa vinasaba (DNA), ya huduma za dharura, kisha ada za mahakama yenyewe, mpaka mia moja inazaa mia nne na tisini. Hili nalisema bila kuficha: naliona si haki. Mwenye nacho analipa na kesho amesahau, na mtu wa kulipwa kwa saa anakosa kodi ya nyumba.

Kazini kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akasema lipa yaishe. Mwingine akasema andika kwamba mwanao alikuwa amelala kiti cha nyuma, askari hakumwona. Mwingine akanisimulia habari ya bwana mmoja wa Marin, ng'ambo ya ghuba, aliyekamatwa peke yake akajitetea kwamba karatasi za kampuni alizoweka kwenye kiti ni mtu, kwa kuwa sheria inaihesabu kampuni kama mtu. Ni kweli ilitokea, na mwaka 2013 hakimu alimkatalia. Mimi mambo ya namna hiyo sikuyataka. Hilo la mtoto wa kusingizia ndilo liliniumiza zaidi, kwa sababu fomu ya utetezi unaisaini kwa kiapo, na mwanangu nimemwacha kwa mama, mnalala naye nyumba moja. Nimtumie kwenye uongo ili niokoe hela?

Nikachagua kujitetea kwa maandishi. California inaruhusu: huendi mahakamani, unajaza fomu, unaeleza yako, askari naye anaandika yake, hakimu anasoma zote mbili. Lakini kwanza unalipa faini yote kama dhamana, na ukishinda unarudishiwa. Hapo ndipo hela ya bati ilipokwenda. Mwezi wa tatu nililipa 490, na mfuko ukabaki mweupe. Nilishindwa kukwambia kwa sababu niliona aibu, si kwa sababu nilikuwa nimekusahau.

Niliandika kwamba nilipoingilia sikuona kibao chochote cha watatu. Mwezi wa nne jibu likaja kwa posta: nina hatia.

Nilitaka kuachia hapo. Mwenzangu wa Kisumu ndiye aliyenionyesha maneno ya chini ya karatasi, kwamba nina siku 20 za kuomba kesi isikilizwe upya, ana kwa ana, kana kwamba ile ya maandishi haikuwapo. Nikaomba. Jumapili moja tukarudi barabarani, mimi naendesha, yeye anapiga picha za vibao kwa ajili ya ushahidi wangu. Mdogo wangu, vibao vilikuwapo. Si kimoja wala viwili. Vikubwa, vyeupe, na tarakimu 3 inasomeka hata ukiwa leni ya kulia kabisa. Nilichoandika kilikuwa kweli, sikukiona kibao. Lakini sikukiona kwa sababu sikuwa natafuta, nilishajiambia najua. Tulirudi Vallejo kimya, simu yake imejaa picha za ushahidi dhidi yangu.

Nikaenda hivyo hivyo. Niliomba mkalimani wa Kiswahili, si kwa sababu Kiingereza sijui, bali kwa sababu nikiwa na hofu maneno yananipotea. Mkalimani ni bure, ukiomba mapema. Alikuja kwa video, lafudhi yake ya Kongo, akanisalimia "jambo mama" na kifua kikashuka. Watu wengi huwa wanaomba askari asitokee, maana asipotokea kesi kwa kawaida inafutwa. Wangu alitokea, amekaa na daftari lake.

Nilipoitwa nikasema yaliyo kweli. Kwamba tulikuwa wawili. Kwamba Sacramento barabara hiyohiyo wawili wanatosha, nami nikachukua mazoea ya kule nikayaleta huku. Kwamba nimerudi nikaviona vibao na vinaonekana. Kwamba sijawahi kuandikiwa kabla. Kwamba naomba mahakama iangalie kipato changu, na hizi hapa ni karatasi za mishahara ya miezi mitatu. Mkalimani akatafsiri, na kulikuwa na kimya cha hakimu kusoma.

Hakimu akasema sheria hii haiulizi kama ulikusudia. Umo kwenye leni na watu pungufu, basi ni kosa. Hatia ikabaki. Kisha akauliza nalea wangapi. Nikawataja, na wewe na ada yako ya chuo umo. Akapunguza faini hadi dola 250, na akaamuru 240 nirudishiwe. Dakika kumi hazikufika. Askari alinipungia mkono mlangoni.

Sitakudanganya kwamba nilishinda. Siku ile sikwenda kazini, na siku isiyo na kazi haina malipo. Nauli, barua, usingizi, hivyo havirudishwi na hakimu. Ila ningelipa kimya kimya kama nilivyoshauriwa, zote 490 zingekwenda na mpaka leo ningeamini hayo mnayoyaamini, kwamba mgeni hasikilizwi. Nilisikilizwa, kwa Kiswahili.

Na yule rafiki yako aliyefika Texas juzi mwambie hili: asije akaweka karatasi ya trafiki kwenye droo akaisahau. Huku California ukipitisha tarehe mahakama inaweza kukuongezea hadi dola 100 na deni likaenda kwa wakusanya madeni. Sheria za kila jimbo ni zake, asome za kwake. Atunze na kila karatasi, hata ya kosa dogo, kwa sababu siku akijaza fomu ya uraia ataulizwa kama amewahi kuandikiwa. Zangu nimezitia kwenye bahasha moja na pasipoti.

Siku hizi tunapanda watatu. Tumempata dada mmoja wa Eritrea anayeshuka Albany, tunamchukua saa 11 na nusu, naye anachangia mafuta. Anakaa nyuma, anasali kimya mpaka tufike.

Hundi ya 240 imefika Jumatano. Kesho nikitoka zamu napita kuituma. Haitoshi nyumba nzima, kwa hiyo mwambie fundi aanze upande wa jikoni, ndiko kunakovuja juu ya mtungi wa mama. Nyingine mwisho wa mwezi.