Gharama za roketi zikizidi, nani analipa? Jibu kuhusu ubia wa serikali na kampuni za anga

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi. Kila nikisoma habari za anga naambiwa kampuni za kibinafsi ndizo zitakazopeleka watu Mwezini na hata Mirihi. Ubia huo unafanya kazi vipi? Ni kama wa barabara ya Expressway, ambapo kampuni inajenga kisha inatutoza? Gharama zikizidi, nani anabeba? Na sisi tulio na kituo cha anga cha Malindi, tunaweza kuingia ubia wa namna hiyo?

Jibu: Umeitaja Expressway mwenyewe, basi tuanzie hapo. Kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, mwekezaji alitafuta fedha, akajenga, na sasa anazirudisha kwa ada wanayolipa wenye magari. Anga haijafika huko. Hakuna foleni ya abiria wanaongoja kwenda Mwezini na nauli mkononi. Mteja mkubwa, na mara nyingi mteja wa pekee, ni serikali ileile iliyotoa sehemu ya fedha za kuundia chombo. Kazi yangu ni kuandaa na kukagua mikataba ya miradi ya ubia, na swali la kwanza ninalouliza mezani ni lilelile, iwe barabara au roketi: atakayelipa ni nani, na asipotokea itakuwaje?

Kilichobadilika kwa kweli ni mkataba. Kwa miongo mingi NASA, shirika la anga la Marekani, ilitumia mkataba wa kurudisha gharama. Mkandarasi anatumia, analeta hesabu, anarudishiwa pamoja na faida. Akichelewa, hesabu inazidi kunona. Utaratibu huo ndio uliojenga roketi kubwa ya SLS, na mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria kwamba kila uzinduzi katika safari nne za mwanzo za Artemis, mpango wa kurudisha watu Mwezini, ungegharimu dola bilioni 4.1, ukijumlisha roketi, chombo cha Orion na mitambo ya ardhini.

Mwaka 2006 walijaribu njia nyingine kwa mizigo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Bei inafungwa mapema. Fedha zinatoka kwa awamu, na kila awamu inalipwa baada tu ya hatua iliyoandikwa kutimia: usanifu umepitishwa, injini imejaribiwa, chombo kimeruka. Kampuni inatia fedha zake pia. Chombo kinabaki mali yake, na serikali inanunua huduma. Kampuni ya Rocketplane Kistler iliposhindwa kupata wawekezaji wa kutosha, NASA ilivunja makubaliano nayo mwaka 2007 na nafasi yake ikaja kuchukuliwa na Orbital Sciences. Watu husimulia mafanikio ya SpaceX, kampuni nyingine ya mpango huo, wakasahau kifungu hicho cha kuvunja mapema, ilhali mimi nakiona ndicho uti wa mgongo wa mpango mzima. Ni miradi mingapi ya kwetu ambayo ingeokoa fedha kama ingevunjwa mwaka wa kwanza?

SpaceX ililipwa chini kidogo ya dola milioni 400 katika mpango huo, na Mei 2012 chombo chake cha Dragon kikafika kituoni. NASA ilipokokotoa baadaye gharama ya kuunda roketi ya Falcon 9 kwa taratibu zake za zamani, ilipata karibu dola bilioni 4. Kampuni ilikuwa imetumia takriban milioni 300. Na kwa taarifa yako, setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipanda kwa Dragon ya mizigo Aprili 2018, ikaachiliwa kutoka kituoni mwezi uliofuata kupitia maabara ya Kijapani ya Kibo. Kwa hiyo ubia huu umeshatubebea mzigo.

Sasa gharama zikizidi. Mwaka 2014 NASA iliwapa kazi ya kusafirisha wanaanga kampuni mbili kwa bei iliyofungwa: Boeing dola bilioni 4.2, SpaceX bilioni 2.6. SpaceX ilirusha wanaanga Mei 2020. Starliner, chombo cha Boeing, iliporushwa bila watu Desemba 2019, saa ya programu yake ilisoma vibaya na chombo hakikufika kituoni. Jaribio lilirudiwa Mei 2022 kwa gharama ya Boeing yenyewe. Hadi wanaanga walipopanda mnamo Juni 2024, hasara ya kampuni ilikuwa imepita dola bilioni 1.5, na mlipa kodi hakuombwa kuifidia. Hapo mkataba ulifanya kazi yake.

Lakini usiamini kwamba bei iliyofungwa haifunguki. Ripoti ya mkaguzi ya Novemba 2019 ilionyesha kwamba NASA ilikubali kuiongezea Boeing dola milioni 287 kwa safari kadhaa za baadaye, kwa kuhofia pengo la usafiri. Mnunuzi mwenye haraka hana nguvu ya kujadiliana, hata karatasi iseme nini.

Ndiyo maana ya kuchagua kampuni mbili. Injini ndogo za Starliner zilipoleta matatizo na heliamu ikavuja katika safari hiyo ya Juni 2024, NASA iliamua chombo kirudi kitupu. Butch Wilmore na Suni Williams, walioondoka kwa safari ya siku nane hivi, walirudi Machi 2025 kwa Dragon. Bila kampuni ya pili, ingebidi Marekani itegemee chombo cha Soyuz cha Warusi peke yake, kama ilivyokuwa kati ya 2011, ilipostaafisha vyombo vyake, na 2020. Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana Juni 2025: Elon Musk, mkuu wa SpaceX, katikati ya ugomvi na Rais Trump, aliandika mtandaoni kwamba SpaceX ingeanza kuiondoa Dragon kazini. Alibadili kauli saa chache baadaye, lakini kila mwandishi wa mikataba aliyesoma ujumbe ule alijua kilichokosekana: kampuni ya pili iliyo tayari kuruka.

Kuhusu Mwezi, utaratibu ni huohuo. SpaceX ilipewa dola bilioni 2.89 mwaka 2021 kwa chombo cha kuteremsha watu, kisha Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023. Chochote wanachotumia juu ya hapo ni chao.

Ninapokuwa na wasiwasi zaidi ni kwenye vituo vya anga. Kituo cha sasa kimepangwa kufanya kazi hadi 2030, na NASA inataka kukodi nafasi kwenye vituo vya kampuni badala ya kujenga kingine. Hoja ni kwamba wateja wengine watapatikana. Tazama basi wanaopanda na Axiom, kampuni inayouza safari hizo. Safari yake ya nne, Juni 2025, ilibeba kamanda wa kampuni pamoja na wanaanga wa India, Poland na Hungaria. Hao ni wateja wazuri, ila ni serikali tena. Matajiri wanaojilipia wapo, tena mmoja alikodi Dragon nzima mwaka 2021, lakini sijaona hesabu inayonishawishi kwamba wao peke yao wanaweza kulipia kituo mwaka baada ya mwaka.

Tuje Malindi. Kituo cha Luigi Broglio, kinachoendeshwa na Waitaliano, kilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco baharini kati ya 1967 na 1988, ikiwemo Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Faida ya ikweta ni ya kweli: mzunguko wa dunia unaisukuma roketi takriban mita 465 kwa sekunde, dhidi ya 410 hivi kule Cape Canaveral. Tatizo si fizikia. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyogharimu takriban shilingi milioni 50, ilipanda Aprili 2023 ikiwa abiria mmoja kati ya wengi kwenye Falcon 9. Nchi inayonunua kiti kimoja haiwezi kuwa mteja wa kuushikilia uwanja wa kurushia. Mteja huyo itabidi atoke nje, na jina lake liwe limeandikwa kabla ya zege kumwagwa.

Na kuna kifungu ambacho wanafunzi wa uhandisi hukiruka. Kwa Mkataba wa Dhima wa 1972, nchi ambayo roketi imerushwa kutoka ardhi yake ni miongoni mwa nchi zinazowajibika kikamilifu kwa madhara duniani, hata kama roketi na mzigo ni mali ya kampuni ya kigeni. Sheria ya Marekani humlazimisha mrushaji kukata bima ya madhara kwa watu wengine, yenye kikomo cha dola milioni 500, na serikali hubeba sehemu ya ziada. Kampuni ikirusha kutoka Malindi bila bima ya namna hiyo, mdai atabisha hodi Nairobi.