Boti linanuka moshi na watu wamekaa kimya: umati unafikiri vipi?

SWALI

Asalaam alaykum Dokta. Mimi mkaazi wa Wete. Mwezi uliopita nilikuwemo kwenye boti natoka Unguja naja Mkoani, Nungwi tumeshaipita, bahari imechafuka kidogo, mara ikaanza harufu ya waya kuungua kutoka chini. Mimi nimeisikia, jirani yangu kaisikia, tukatizamana tu, hakuna alienyanyuka. Bi mkubwa mmoja mbele yangu akajiziba pua na ushungi wake akaendelea na tasbihi. Ikapita muda mzuri tu, halafu kijana mmoja akapiga ukelele "moto!", basi watu wote mbio kwenye mlango ule tuliopandia na wakati kuna mlango mwengine karibu zaidi. Kwenye spika tukaambiwa "tulieni, hakuna kitu". Alhamdulillahi lilikuwa jambo dogo kweli. Sasa nauliza, kwa nini tulikaa kama mazuzu halafu ghafla tukawa wendawazimu? Na jengine, mimi nimo kwenye kamati ya kiwanja cha sikukuu hapa kwetu, watoto wanajaa kupita kiasi na geti ni moja, wenzangu wanasema likitokea jambo tusitangaze maana watu watataharuki. Kitaalamu hilo ni kweli?

JIBU

Wa alaykum salaam ndugu yangu, pole na mshtuko. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo lenye hatari: si kweli. Na wenzako msiwalaumu sana, wakubwa wengi wa vyombo na wa viwanja dunia nzima wanaamini hivyo hivyo, na imani yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1895 Mfaransa mmoja, Gustave Le Bon, aliandika kitabu akasema mtu akishaingia kwenye umati akili zake keshaziacha nje, anaambukizwa hisia za wenzake tu. Watawala wakakipenda sana kitabu kile (sababu mnaijua wenyewe). Lakini Le Bon hakukaa na watu walionusurika na maafa akawauliza nini kiliwapitikia. Waliokuja kuuliza ni wengine, mmoja wao Enrico Quarantelli wa Marekani, kuanzia miaka ya 1950, na alichokiona ni kwamba hii taharuki tunayoiogopa, ya mtu kumkanyaga mwenzake ili apite yeye, ni nadra mno, na hata ikitokea ina masharti yake: mtu awe anaiona njia ya kutokea ipo ila inazibika, hana la kufanya, na anajihisi yuko peke yake. Asieiona njia kabisa mara nyingi hakimbii, anakaa pale pale.

Sasa turudi kwenye boti lenu. Kule kukaa si uzuzu. Mwaka 1968 wataalamu wawili wa New York, Bibb Latané na John Darley, waliwaweka vijana kwenye chumba wajaze fomu, halafu wakaingiza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 kati ya 100 walitoka kwenda kusema. Waliowekwa pamoja na watu wawili walioagizwa wajifanye hawajali, aliyetoka ni 1 tu kati ya 10! Hao waliobaki walikuwa wanaupunga moshi kwa mkono, wanakohoa, wanafikicha macho, na fomu wanaijaza vile vile. Walipoulizwa baadae hawakusema kwamba waliona haya, walisema walidhani ule ni mvuke tu au kitu cha kiyoyozi. Yaani kila mmoja anamtizama mwenzake ajue kama kuna jambo, na mwenzake nae anamtizama yeye, na kwa kuwa wote wametulia basi wote wanaamini hakuna jambo. Wewe ulipotizamana na jirani yako mlikuwa mnaulizana, mkajibizana kwa nyuso kwamba mambo ni sawa.

Na sisi huku kwetu tuna la ziada, ila hili ni langu mimi kwa ninavyoona, sijalisoma popote: kijana hawezi kunyanyuka mbele ya wazee akaanza kuulizia moshi, ataonekana muoga au hana adabu. Ikiwa bi mkubwa ametulia na tasbihi yake, wewe nani?

La mlango ni fupi. Mtu kwenye hatari huenda kwenye anachokijua, kwa hiyo mlango alioingilia ndio anaokwenda kutokea. Mwaka 2003 ukumbi wa muziki wa The Station huko Rhode Island, Marekani, ulishika moto wakafa watu 100, na wengi walikuwa wamejazana kwenye mlango wa mbele walioingilia na wakati milango mengine ilikuwepo. Ukipanda boti, kabla hujatafuta siti ya dirishani, itafute milango kwa macho, na ujue laifujaketi ziko wapi. Dakika moja haifiki.

Haya, huko "kuwa wendawazimu". Mimi siuoni wazimu hapo. Watu wamekaa na harufu ya kuungua muda wote ule bila kuambiwa chochote, taarifa ya kwanza waliyoipata katoa kijana aliyeogopa, na taarifa ya pili kutoka kwenye spika inapingana na pua zao, sasa wewe ungemuamini nani? Lile tangazo la "hakuna kitu" ndilo kosa kubwa la safari yenu, kwa sababu siku kikiwepo kitu kweli hakuna atakaesikiliza. Au litokee baya zaidi, wasikilize. Korea Kusini mwezi wa Aprili 2014 meli ya Sewol ilipoanza kulala ubavu abiria walitangaziwa wakae pale walipo, wengi wao watoto wa skuli waliokuwa safarini, wakakaa kwa utiifu kabisa, wakafa watu 304. Hapo taharuki iko wapi? Utulivu ndio uliowaua.

Spika ingesema hivi: "Kuna waya umeungua chini, mafundi wanaushughulikia. Mlioko chini pandeni juu kwa ngazi ya nyuma, polepole, wengine bakini kwenye siti zenu, na msijazane upande mmoja." Basi. Nini kimetokea, wapi, nani afanye nini. Na hilo la upande mmoja si la kupamba tangazo, chombo kikiwa kimeshainama uzito wa watu kuhamia huko unakizidisha kuinama.

Nataka pia ujue kwamba watu wakishajihisi wako kwenye janga moja wanasaidiana kuliko tunavyowadhania. John Drury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walikusanya habari za walionusurika na mabomu ya London ya Julai 2005, watu waliokuwa chini ya ardhi, gizani, hawajuani hata kwa majina, na wengi walieleza kupeana maji, kufungana majeraha, kungojana kwenye kutoka. Huna haja ya kwenda London lakini, sisi tuna Spice Islander, Septemba 2011. Ile meli ilikuwa imejazwa kupita kiasi, hilo halina ubishi, na usiku ule watu walielea juu ya magodoro, na waliowahi kwenda kuwatoa ni pamoja na wavuvi na watu wenye vyombo vyao pale Nungwi. Ndio, msafara wa mamba na kenge wamo, atakuwepo wa kuiba simu, lakini usiupange usalama wa kiwanja kizima kwa kumfikiria yule kenge.

Sasa kiwanja chenu, hapa naomba unisome vizuri na uwasomee wenzako.

Kinachoua kwenye umati mara nyingi si miguu, tunasema "wamekanyagana" lakini wengi wanakufa wamesimama, au wameangukiana, kwa kukosa pumzi. Kifua kimebanwa mbele na nyuma, mbavu haziwezi kutanuka, imekwisha hiyo. Wataalamu wanapima kwa mita ya mraba: watu wazima wakifika 5 kwenye mita moja ya mraba uko kwenye hatari, wakikaribia 7 mtu hana tena uamuzi wa kwenda anakotaka, umati unakwenda kwa mawimbi, unaweza kunyanyuliwa kiatu kikabaki chini. Na wa nyuma hawajui! Hilo ndilo jambo lenyewe. Hillsborough huko Uingereza, mwaka 1989, polisi walifungua geti kupunguza msongamano wa nje, watu wakaingia kwa furaha yao ya mpira kwenye njia inayokwenda sehemu iliyokwisha jaa, wa nyuma wanaona njia nyeupe na wa mbele wanabanwa kwenye uzio, waliokufa mpaka mwisho wake walifika 97. Miaka mingi mashabiki wakaambiwa ni walevi na wahuni, mpaka baraza la uchunguzi la 2016 likasema hawakuwa na makosa, kosa la uendeshaji. Kwetu Tanzania tuna ya watoto wapatao 20 waliofia kwenye ukumbi wa disko Tabora sikukuu ya Idi mwaka 2008, na tuna ya Uwanja wa Uhuru Dar mwezi wa Machi 2021, watu 45, walikwenda kumuaga Rais Magufuli. Si wahuni hao, wanaokwenda kuaga maiti na wanaokwenda kusherehekea Idi.

Kwa hiyo kumpigia kelele "msisukumane!" mtoto aliyeko mbele hakusaidii kitu, yeye ndie anaesukumwa. Mtu wenu mwenye spika awe nyuma, nje ya geti, juu ya kiti aonekane, kazi yake kusimamisha wanaokuja mapema, wakati mbele bado kuna nafasi. Chukueni chaki mchore mraba wa mita moja kwenye saruji pale getini, wasimamisheni vijana wa kamati watano ndani yake wauone kwa macho, halafu siku yenyewe watajua wanatizama nini. Watoto wana miili midogo watatosha zaidi ya hao, lakini mtoto kimo chake kinamuweka kifuani mwa watu wazima, hewa haipati, msijidanganye kwamba bado kuna nafasi.

Geti moja la kuingilia na kutokea hapana. Kama pesa ya kujenga hakuna, vunjeni kipande cha ua kwa siku zile za sikukuu, muweke watu wawili, kuwe kwa kutokea tu, na watoto watokee huko tangu siku ya kwanza hata hakuna hatari, ili wakijue. Na wauza malai na ubuyu waondoeni pale getini, wapelekeni ndani kabisa, maana pale wanaposimama ndipo foleni inaposimama, na mama anaetafuta chenji kwenye mkoba hajui kama nyuma yake kuna watu mia.

Mwisho ni wazazi. Mwaka 1973 jumba la starehe la Summerland, kisiwa cha Man, liliungua wakafa watu 50, na moja katika mambo yaliyoonekana pale ni wazazi waliokuwa mbali na watoto wao kwenda kinyume na wanaotoka ili kuwatafuta. Huwezi kumzuia mama kwa hilo wala usijaribu, mpe pa kwenda: mahali pamoja nje ya ua, penye bendera au mti unaojulikana, na mtangaze kila baada ya muda kwamba mtoto yeyote akipotea au likitokea lolote watoto wote watapelekwa pale. Sasa huyo mama likitokea jambo atakimbilia nje.

Geti lenu lina upana gani, na linafungukia ndani au nje? Nijibu hilo kabla hamjaanza kukata ua, kama linafungukia ndani ligeuzeni kwanza.