Maswali na Majibu: Je, Teleka ni Aina ya Mbayuwayu?

SWALI: Chini ya paa la jengo letu hapa Morogoro wanaishi ndege weusi wenye doa jeupe juu ya mkia, ambao hawaonekani kutua popote isipokuwa kwenye viota vyao. Wengine husema ni mbayuwayu, wengine teleka. Je, ndege hawa wawili ni wa familia moja?

JIBU: Hapana, na wala undugu wao si wa karibu. Mbayuwayu ni wa familia ya Hirundinidae, iliyomo katika oda ya Passeriformes pamoja na shomoro na kunguru. Teleka wana familia yao, Apodidae, yenye spishi takriban mia moja, na jamaa zao wa karibu, baada ya teleka-miti wa Asia, ni ndege-mvumaji wa bara la Amerika, ambao wasomaji wasiwachanganye na chozi wetu, wale ndege wadogo wanyonyao maji matamu ya maua. Kufanana kwa teleka na mbayuwayu kumetokana na riziki yao: kila kundi, kwa njia yake, limezoea kukamata wadudu hewani, na maisha hayo yameyapa yote mawili mabawa marefu na mdomo mfupi unaofunguka kwa upana. Hata Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi ya viumbe, aliwaweka pamoja mwaka 1758, alipomwita teleka wa Ulaya Hirundo apus.

Tofauti huonekana wazi mtu anapochunguza mifupa na miguu. Katika bawa la teleka, mfupa wa juu ni mfupi mno ilhali mifupa ya kiganja ni mirefu, ndiyo maana bawa zima limepinda kama mundu na halikunjiki sana wakati wa kuruka. Mkia wake una manyoya makubwa 10, wakati wa mbayuwayu una 12. Miguu yake ni mifupi sana, yenye kucha kali, na katika jenasi ya Apus vidole vyote vinne vinaweza kuelekezwa mbele. Kwa hiyo teleka hujishikiza ukutani vizuri, lakini hawezi kukaa juu ya waya wa umeme kama mbayuwayu afanyavyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba baadhi ya teleka wa Ulaya, ambao huja Afrika baada ya kuzaliana, hukaa hewani miezi 10 bila kutua hata mara moja.

Wataalamu huigawa familia hii katika nusufamilia mbili. Cypseloidinae wanaishi Amerika tu na hawatumii mate kujenga viota. Apodinae, wanaojumuisha teleka wote wa Afrika, huyatumia mate yanayokauka na kuwa gundi, na kwa maoni yangu hii ndiyo sifa yao ya kustaajabisha kuliko zote. Mtazame teleka wa minazi, Cypsiurus parvus: hubandika manyoya machache upande wa chini wa kuti linaloning'inia, kisha huyagandisha mayai yenyewe kwa mate, na huyaatamia akiwa amejishikiza wima huku kuti likiyumba kwa upepo.

Ndege wa jengo lenu, kwa maelezo uliyotoa, huenda ni teleka mdogo, Apus affinis, mwenye koo jeupe na mkia uliokatika sawasawa, ambaye hujenga kwa manyoya na majani makavu katika makundi yenye kelele. Kiota cha matope kwa kawaida ni kazi ya mbayuwayu, ila usikitegemee peke yake kama ushahidi: teleka mwingine, Apus caffer, ambaye naye ana doa jeupe juu ya mkia, mara nyingi huteka viota vya matope vya mbayuwayu na kutaga humo. Huyo utamtambua kwa mkia wake wenye panda ndefu, hasa anapoufungua wakati wa kugeuka.