Kabla ya tisheti na bango, jua mtoto atalala wapi leo

Habari zenu wapendwa. Kuna watu wengi wananiandikia wanataka kuanzisha mtandao wa kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu kwenye kata zao, na karibu wote wanaanza kwa kuuliza katiba inaandikwaje na wafadhili wanapatikana wapi. Mimi naratibu mtandao wa namna hiyo hapa Mwanza, ni miaka kadhaa sasa, na huwa nawajibu kwa kuwauliza na mimi: leo saa nne usiku ukiletewa binti wa miaka 13 katoroka kwa bosi wake, analala wapi? Kama hilo hujalijibu basi mambo ya katiba yasubiri kwanza.

Nalisisitiza kwasababu ya aina ya kesi tunazopata. Usafirishaji haramu watu wanaufikiria wa makontena na mipaka, wakati huku kwetu sehemu kubwa unapita stendi mchana kweupe kwa tiketi halali kabisa. Ni mabinti wa kazi za ndani. Wanatoka Kagera, Kigoma, Mara, wengine hapo Ukerewe na Sengerema tu, wanaletwa na shangazi au jirani au yule mama anayejulikana kijijini kwamba huwa anawatafutia watoto kazi mjini, mzazi anaambiwa mtoto atasomeshwa au atafundishwa cherehani, akifika anakabidhiwa kwa mtu asiyemjua, mshahara unaenda kwa dalali au hauendi popote, simu hana na geti linafungwa kwa nje. Na wa kiume wapo, kwenye uvuvi, kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita, kwenye kuchunga ng'ombe, na hao wanasahaulika mno maana mtoto wa kiume akionekana kabeba ndoo ya dagaa alfajiri watu wanasema anajifunza maisha.

Sasa ukishaelewa kesi zinapita wapi utajua nani wa kumwita. Mitandao mingi inaundwa na wakubwa watupu, mtendaji wa kata, viongozi wa dini, mwalimu mkuu, na hao ni muhimu sana nawahitaji, ila wanaowaona hawa watoto kwanza ni wengine. Ni mama anayeuza chai Nyegezi stendi, konda, bodaboda, fundi anayeingia nyumba za watu kutengeneza bomba, wale wanaochota taka mtaani. Kuna mama mmoja wa chai kwenye mtandao wetu ambaye namwamini kuliko semina yoyote. Yeye anaangalia nani anamlipia mtoto chai. Mtoto aliyesafiri na ndugu yake atanung'unika, ataomba andazi la pili, atasinzia begani kwa mtu. Huyu mwingine anakaa wima na mfuko wake mapajani, namba ya simu imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari amekishika mpaka kimelowa jasho, ukimuuliza unaenda kwa nani anakuonyesha ile karatasi badala ya kutaja jina. Huyo mama hamkamati mtu wala hagombani na mtu, anampa mtoto chai na kunipigia simu, basi. Tukipigiwa mapema hivyo mara nyingi tunamkuta mtoto hajafika hata hiyo nyumba.

Kwahiyo la kulala. Nyumba salama ni chache na nyingine zimejaa, huwezi kutegemea kupata nafasi usiku huo huo, na kituo cha polisi sio mahali pa mtoto kulala hata wakikukaribisha kwa roho nzuri. Sisi tulikaa na afisa ustawi wa jamii mapema kabisa, kabla hata ya kuwa na jina, tukatafuta familia ambazo ustawi wenyewe wamezikagua na kuzikubali, tukakubaliana nani anapokea wasichana, nani ana nafasi ya mtoto na mdogo wake, hela ya sabuni na chakula inatoka wapi. Usimpeleke mtoto nyumbani kwako kwa huruma tu. Najua moyo unauma, lakini kesho yake bosi atasema wewe ndo umemuiba, na ukweli utakuwa upande wako ila karatasi zitakuwa upande wake. Pita ustawi, pita dawati la jinsia na watoto pale polisi, kama ameumizwa chukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na kila kitu kiandikwe. Tuna daftari la kaunta moja tu, nani kapiga, saa ngapi, nani kaenda, mtoto kalala wapi, nani kamkabidhi kwa nani. Linakaa kwa mtu mmoja na halipigwi picha.

Na picha za watoto ni marufuku kabisa, hata ya mgongo, hata uso ukifichwa. Kijijini kwao watamtambua kwa gauni.

Kitu kingine, msivamie nyumba. Vijana wakisikia kuna mtoto anapigwa mtaa wa pili damu inachemka wanataka kwenda kuvunja geti, na mimi naielewa hiyo hasira, naibeba kila siku. Ila mkivamia mnaharibu ushahidi, mnaweza mkaumia, na mtoto anaweza kuhamishwa usiku huo huo msimuone tena. Wapigie dawati, kwa mtoto piga 116, ile ni bure, halafu mwenyekiti wa mtaa ndo aongozane na polisi. Kazi yenu iwe kuhakikisha polisi wanafika kweli, wakichelewa mnapiga tena, na tena.

Mjifunze sheria kidogo, jamani, maana mtaambiwa maneno mengi. Mtaambiwa "mbona alikubali mwenyewe kuja". Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na chini yake kukubali kwa mhanga hakumwokoi aliyemsafirisha. Ile itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu jambo hili, nayo iko wazi kwamba kwa aliye chini ya miaka 18 huhitaji hata kuonyesha alidanganywa au alitishwa, inatosha kwamba alichukuliwa au alipokelewa ili anyonywe. Mtaambiwa pia "sisi tunamsaidia huyu, kwao wana njaa". Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14 na hapo ni kazi nyepesi isiyomzuia shule, sio kuamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho. Semeni hivyo kwa upole ila semeni. Na kwa dada ambaye ni mtu mzima, kalipwa nusu au kafukuzwa bila chake, mwelekezeni CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, haraka kwasababu kuna muda, siku 30 kwa aliyeachishwa kazi na 60 kwa madai mengine, wengi wanakuja wakati umeshapita na inaniumiza sana.

Nije kwenye kinachoua kesi kuliko vyote, nacho ni kuyamaliza nyumbani. Mtoto ametoka, polisi wameandika maelezo, kila mtu ana matumaini, halafu wiki mbili baadaye bosi au dalali anapanda basi mpaka kijijini na bahasha, anakaa na baba na wazee, wanaitana ndugu, na mzazi anarudi kusema hatuna tena tatizo na mtu. Usimtukane huyo mzazi. Ana mahindi yameungua na jua na watoto wengine wanne nyumbani. Wewe kama kiongozi wa mtandao ulipaswa kufika kabla ya bahasha. Sisi siku hizi mtu wetu anaenda kijijini mapema, anakaa na wazazi kwa adabu, anaongea na mwenyekiti wa kijiji, anawaeleza kesi itachukua muda na wataitwa mara nyingi. Halafu inakuja nauli. Shahidi akiitwa mahakamani na kesi ikaahirishwa mara tatu, hiyo safari ya nne haji, sio kwamba kanunuliwa, hana tu nauli. Mkichanga hela yoyote ichangeni kwa ajili ya nauli ya mashahidi kwanza.

Ndo maana mimi tisheti na makofia huwa nasema subirini. 30 Julai ni siku ya dunia ya jambo hili na tunaiadhimisha, tunapita shuleni na sokoni, ni vizuri. Ila posho inavunja mitandao mchana kweupe. Mfadhili akija na posho za vikao vikao vinaongezeka, akiondoka watu wanapotea, na walioondoka ni wale wale waliokuwa wanakaa meza ya mbele. Kubalianeni mapema kwamba anayelipwa ni aliyetumia hela yake, bodaboda aliyechoma mafuta, mama aliyempikia mtoto, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Halafu itafika siku kesi itamgusa mtu wenu. Mzee wa kanisa, mama mwenye duka kubwa, ndugu wa mjumbe wa mtandao. Itafika tu. Muandike sasa hivi mkiwa hamna kesi mezani kwamba mwenye undugu na mtuhumiwa anakaa pembeni na haoni daftari, maana siku ikifika hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kulipendekeza.

Na mkishamrudisha mtoto kwao msifute namba. Aliyemchukua mara ya kwanza anajua nyumba, anajua shida, na mara nyingi anarudi msimu wa shule kufunguliwa pale ambapo sare na madaftari hayapo. Mtu wenu apige ndani ya mwezi wa kwanza tangu mtoto arudi, apige tena Desemba mwishoni, aulize tu, ana viatu vya shule?